Vitalu vya Nyuma ya Banda

Familia yetu ina ugonjwa mmoja, nao ni kriketi. Si kriketi yoyote bali ile ya mechi za Test, ambapo nchi mbili hukabana koo siku tano nzima na pengine mwishoni hakuna aliyeshinda. Watu wakisikia hivyo hucheka. Sisi hatucheki, sisi tunagombana.

Ugomvi wenyewe ni mmoja na haujawahi kupoa: kati ya wapigaji wote waliowahi kushika gongo, wa nchi zote, nani alikuwa mkubwa kuliko wenzake? Kaka yangu, mtunza uwanja wa klabu, anasema ni Bradman wa Australia, na akishasema hukunja mikono kifuani kana kwamba kesi imekwisha. Mkewe, yaani wifi yangu, anasema ni Hanif Mohammad wa Pakistan. Mimi ni wa Lara, yule wa West Indies, na siombi radhi. Kazi yangu pale klabuni ni kushona nyavu zilizochanika na kutia viraka glavu na pedi za miguu. Mtu anayeshinda na sindano mkononi anahitaji kumpenda mchezaji anayecheza kwa raha.

"Tisini na tisa nukta tisa nne," kaka husema. Huo ndio wastani wa Bradman, mikimbio, yaani alama, aliyokuwa akiipata kwa kila mara aliyotolewa. "Wanaomfuata wako huko chini kwenye sitini na kitu. Nileteeni mwingine."

"Ameshaletwa," namjibu. "Lara, mia nne kwa zamu moja, na hawakumtoa."

"Hanif alikaa zaidi ya saa kumi na sita," wifi hutia neno kwa upole huku akimimina chai. "Saa kumi na sita, zamu moja. Wewe mume wangu hata saa moja hukai ndani bila kwenda kuangalia majani yako."

Hapo kaka hugundua ghafla kwamba chai ni ya moto.

Binti yao ndiye aliyekuja kutuharibia. Tunamwita Kigingi, kwa sababu tangu mdogo akisimama mbele ya vile vijiti vitatu vya wiketi, ambavyo mpira ukiving'oa mpigaji ametolewa, kumng'oa ni shughuli. Mchana hufanya kazi kwa fundi vioo, anakata vioo vya madirisha na kabati, na jioni na siku za mapumziko huchezea klabu. Macho yake yamezoea vitu ambavyo ukikosea kidogo tu vinapasuka, na ana tabia ya kuuliza swali moja, akanyamaza, halafu akalirudia vilevile mpaka umjibu.

"Lakini walicheza kwenye udongo gani?" aliuliza siku moja mezani.

"Udongo ni udongo," nikasema.

Kaka alinitazama kama nimemtukania ukoo. Na kweli nilikuwa nimeropoka. Katika kriketi mpira haumwendei mpigaji moja kwa moja. Mrushaji huurusha, unadunda chini kwenye ule ukanda wa katikati tunaouita pichi, ndipo unamfikia mpigaji. Ukidunda kwenye udongo mgumu unaruka mpaka kifuani. Kwenye majani yenye unyevu unakatiza kando bila hodi, na kwenye udongo uliokauka ukapasuka unajipinda. Udongo unacheza, tena hauna timu.

Hilo kaka analijua kuliko yeyote, ndiyo maana nyuma ya banda la vifaa ana vitalu vyake vitatu. Vina urefu wa pichi kamili lakini ni vyembamba kama ushoroba. Kitalu cha Australia ni udongo wa mfinyanzi mtupu alioubana kwa rola mpaka ukang'aa. Cha England ameacha majani mafupi na hukinyunyizia maji. Cha India hukiacha jua likikaange mpaka kipasuke. Alivitengeneza kwa ajili ya ugomvi wetu tu. Mtu akisema "fulani asingeweza kule," tunatoka na mpira kwenda kuangalia. Wifi amelia miaka na miaka kwamba mahali pale pangetosha mboga za kulisha mtaa mzima.

"Bradman alicheza Test kwenye nchi mbili tu," Kigingi akaendelea. "Kwao, na England. Siyo, baba?"

"Na kote aliwatesa," kaka akasema.

"Sijakataa. Na Lara wako, shangazi. Ile mia nne, na ile mia tatu na sabini na tano ya kabla yake, zote mbili alizipatia uwanja mmoja. Antigua, nyumbani."

"Mia mbili na sabini na saba za Sydney hukuziona?" Damu ilinipanda. "Sydney ni kwao?"

"Nimeziona. Nauliza tu. Ukimtoa mtu kwenye udongo wake, kinabaki nini?" Akamgeukia mama yake. "Hanif alikuwa wapi zile saa kumi na sita?"

"Barbados," wifi akasema bila hata kuinua macho. "Kwa watu. Timu yake iko nyuma mikimbio zaidi ya mia nne."

Nilitamani kumrushia kijiko.

Swali hilo halikuwa la mchezo kwa Kigingi. Kocha wa timu ya taifa ya wanawake alikuwa amesikia habari za msichana anayepata mikimbio mingi kupita kiasi kwenye uwanja wetu, na alikuwa amesema angekuja Jumamosi na warushaji wake wawili kumwona. Wakati huohuo fundi vioo alikuwa amemwambia Kigingi kwamba mgongo umemshinda, meza kubwa ya kukatia anataka kumwachia yeye, lakini anataka jibu baada ya Jumamosi hiyohiyo. Meza ile ni riziki ya maisha. Akiiacha inapewa mwingine, na kule kwenye timu hakuna aliyemwahidi kesho yake.

"Nikijua kwamba mimi ni mchezaji kweli, naiacha meza bila kujuta," aliniambia bandani, huku nikimshonea kamba ya pedi. "Nikijua siyo, nabaki na vioo vyangu bila kujuta. Ninachoogopa ni kutojua."

Ndipo akaja na wazo lake. Alitaka kumtenga mtu na udongo, yaani tupime kwanza udongo unampa mpigaji nini, halafu tukitoe kwenye hesabu, kitakachobaki kiwe mtu mwenyewe. Alileta ngazi ya kazini na ufito wa fagio alioupigia mistari kwa chaki. Mimi nilipanda ngazi, kwa umri wangu huu na magoti yangu haya, nikawa nadondosha mpira kutoka juu. Yeye alichuchumaa na ufito wake akitazama unaruka hadi mstari gani.

Kwenye kitalu cha Australia mpira uliruka ukapita goti lake alivyochuchumaa. Kwa India ulipanda kidogo ukaenda zake upande wa pili kama una safari. Kwa England mara uruke, mara usiruke. Tulikuwa tunacheka kama watoto. Nilimwambia Lara angeupiga wowote ule hata akiwa amefumba jicho moja, na yeye akaniambia nishike ngazi niache siasa.

"Sasa tupime na pichi yetu," akasema. "Tupate pa kulinganishia."

Tukabeba ngazi mpaka katikati ya uwanja. Nilidondosha mpira. Ulitua, ukainuka kiasi cha kifundo cha mguu, ukalala.

"Tena, shangazi."

Nikadondosha tena, mbele kidogo. Ukalala. Tukahamia upande wa pili, ukalala. Kigingi alichomeka ukucha wa kidole gumba kwenye udongo, akausugua kati ya vidole, akanionyesha. Ulikuwa mchanga, na si kidogo. Udongo wa pichi unatakiwa ushikane kama unga uliokandwa vizuri, lakini ule ulimomonyoka wenyewe kiganjani.

Mimi niliketi kwenye ngazi. Nilikuwa nakumbuka mambo. Nilikumbuka timu za wageni zinavyopenda kuja kwetu, wapigaji wao wakitamba na warushaji wao wakiondoka wamenuna. Nilikumbuka Kigingi akicheza ugenini, akipata ishirini, akipata kumi na tano, nasi njia nzima tukirudi tukilaani viwanja vya watu kwamba ni vibovu, havina mtunzaji. Klabu nzima tuliamini hivyo, kwamba wa kwetu ndio uwanja na wa wengine ni mashamba. Haikutujia hata siku moja kugeuza swali.

"Tangu lini?" Kigingi akauliza, lakini hakuwa ananiuliza mimi. Alikuwa amegusa jino lake la mbele, lile lililomeguka.

Alikuwa na miaka saba mpira ulipomrukia usoni palepale. Kaka alimbeba mbio huku damu ikimtiririkia shati. Mimi nilikimbia nyuma yao na kiatu kimoja.

Jioni hiyo tulimkuta kaka mezani. Kigingi aliweka mpira mbele ya kikombe chake, na kando yake akamimina ule udongo kutoka kiganjani.

"Baba, huu ni mchanga."

Wifi aliacha kumimina chai.

"Sikutaka uumie," kaka akasema.

"Nilikuwa na miaka saba."

"Najua."

"Sasa nina ishirini na miwili."

"Najua, mwanangu. Kuhesabu najua." Akautenganisha ule udongo kwa kidole, mchanga huku, mfinyanzi huku, kwa mkono wa mazoea. "Mwanzo nilijua ninachofanya. Kila msimu naongeza kidogo, usiruke juu, usimfikie usoni. Baadaye nikawa naona ndiyo inavyotengenezwa. Mkono ulizoea."

Mtoto alikua, pichi haikukua. Nilikasirika sana, nisiseme uongo. Si kwa sababu alimpenda, bali kwa sababu miaka yote hiyo alikunja mikono kifuani akatuhubiria habari za wastani.

"Kwa hiyo mikimbio yangu yote," Kigingi akasema, "nimetamba kwenye kitanda alichonitandikia baba."

"Usiseme hivyo," wifi akamwambia.

"Nisemeje, mama? Sijui. Labda mimi ni mzuri, labda ni mchanga. Wewe unajua? Shangazi anajua?" Hakulia. Alikuwa na ule uso wa kuuliza, na hilo liliniuma kuliko machozi. "Baba, kocha anakuja Jumamosi. Mchanga hauwezi kutoka kwa wiki moja, hilo naelewa. Ila acha majani yaote. Mwagilia. Ipe uhai kidogo, mpira uruke. Nataka kujua."

Kaka aliitikia kwa kichwa. Kisha akasema "Nitafanya," na akalirudia.

Na alifanya. Katikati ya wiki nilipita na furushi la nyavu nikaona ukanda umeanza kuwa wa kijani, majani mafupi yamesimama. Nikamwambia, "Kaka, leo nimekuheshimu." Akasema nimwache afanye kazi.

Jumamosi asubuhi nilifika mapema kuandaa pedi. Mashine ya kukatia majani ilikuwa nje ya banda, bado ina joto. Nilienda katikati ya uwanja nikakuta pichi imenyolewa upara, kavu, imepakwa mchanga mwembamba kama poda. Kaka alikuwa amekaa juu ya rola akitazama mikono yake.

"Umefanya nini?"

"Nilikuja kumwagilia tu," akasema. "Nikaiona ile mijani. Nikamwona tena yule mtoto na jino lake. Nilipokuja kushtuka, nimeshamaliza."

"Kaka, wewe ni mtu mzima!"

"Usinipigie kelele, dada. Mimi mwenyewe nimejipigia za kutosha."

Hapakuwa na muda wa kurekebisha. Kocha alikuwa ameshafika langoni, mwanamke mrefu mwenye kofia pana na maneno machache, na nyuma yake wasichana wawili warushaji, mmoja ana mabega ya kubeba magunia. Kigingi aliingia na kofia yake ya chuma mkononi. Alipofika kwenye pichi aliinama, akagusa chini mara moja. Akamtazama baba yake aliyekuwa mbali kule kwenye kamba ya mpaka wa uwanja. Kisha akaenda kusimama mbele ya vijiti vitatu.

Yule wa mabega alirusha kwa nguvu zake zote, na mpira ukadunda, ukachoka njiani, ukafika kwa Kigingi kiunoni umetulia kama umeletwa kwa sahani. Akaupiga hadi kwenye kamba. Wa pili hivyohivyo. Wenzake wa klabu waliokuja kutazama wakapiga makofi na miluzi. Alikuwa anapendeza, jamani. Kila mpira alioletewa aliupeleka alikotaka, kushoto, kulia, katikati ya watu. Mimi mwenyewe nilianza kusahau. Niliwaza, na iwe hivihivi, achukuliwe, ya kule yatajulikana kulekule.

Kocha akainua mkono. "Inatosha, asante. Nimeona."

Makofi yakazidi. Kaka alifumba macho kwa nafuu. Kigingi angeweza kuvua glavu pale pale na mambo yakaisha, na hakuna ambaye angemlaumu. Alivua kofia tu.

"Hujaona, mwalimu," akasema. "Hapa si pa kuonea. Udongo huu una mchanga, mpira hauruki. Mimi mwenyewe nimejua wiki hii. Kama una muda, nyuma ya banda tuna vitalu."

Kocha alimtazama, akatazama banda, akasema, "Vitalu vya nini?"

"Njoo utaona."

Tukaenda wote, msafara mzima, tukipita kati ya madebe na nyavu zangu. Kigingi alipita kitalu cha Australia, akapita cha India, akasimama kwenye cha England, kile cha majani na unyevu, kilicho kigeugeu kuliko vyote. Akachomeka vijiti vyake vitatu nyuma yake. Warushaji walikiona wakatabasamu kwa mara ya kwanza tangu wafike.

Mpira wa kwanza ulidunda, ukakatiza, ukang'oa kijiti cha katikati.

Hakuna aliyepiga makofi. Kigingi aligeuka, akakichomeka kijiti upya. "Tena," akasema. Wa pili aliukosa kwa unywele. Wa tatu uliruka ukampiga mbavuni, tukasikia sauti yake. Wifi alinishika mkono akanikamua vidole. Kigingi aliinama kidogo, akavuta pumzi, akasimama. "Tena."

Kisha akaanza kusubiri. Sijui niielezeje. Kule uwanjani alikuwa akiufuata mpira, na hapa aliuacha umfikie, akaushusha chini ya pua yake, ukafia miguuni. Mwingine akauacha upite bila kuugusa. Mwingine ukampiga kwenye glavu. Mwingine akauzima. Hakukuwa na mikimbio, nyuma ya banda hakuna pa kukimbilia, upande mmoja ukuta, upande mmoja wavu. Kulikuwa na kukaa tu. Alitolewa mara mbili zaidi, na kila mara alichomeka kijiti akasema neno lilelile. Lakini kadiri muda ulivyokwenda ndivyo yule wa mabega alivyozidi kushika kiuno na kutazama juu.

Hapo ndipo nikamwona kaka akitoka ukutani. Nilijua anakwenda kusimamisha, nilijua kabisa, nikajiandaa kumshika shati. Alikwenda mpaka kwenye pipa, akachota maji kwa kopo la kunyunyizia, akarudi kwenye kitalu. Akainama pale mpira ulipokuwa ukitua.

"Samahani kidogo," akawaambia warushaji. "Hapa pameanza kukauka. Anazoea. England haiwi kavu hivi."

Akamwagilia taratibu, sehemu kwa sehemu, akahakikisha majani yameshika maji. Maji mengine yakamwagikia kiatu. Kigingi alimtazama bila kusogea. Kisha kaka akarudi ukutani, akasema, "Endeleeni. Sasa utaruka."

Na uliruka. Wa kwanza ulimpita sikioni. Wa pili aliinua gongo, akasimama kwenye ncha za vidole, akaupokea ukiwa kifuani, akaushusha chini ukatulia kwenye kivuli chake.

Waliendelea mpaka yule wa mabega akakaa chini mwenyewe. Kocha alimwuliza kaka, "Nani anatunza hivi vitalu?"

"Mimi."

"Kwa ajili ya nini?"

"Ugomvi," kaka akasema.

Kocha alikubali jibu hilo kana kwamba amelisikia kila uwanja alikokwenda. Akamgeukia Kigingi, aliyekuwa amejishika mbavu. "Kule mbele nilikuwa naanza kuifikiria safari ya kurudi. Viwanja vile nimeviona vingi, na wasichana wanaotamba humo nimewaona. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia mwenyewe." Akavaa kofia yake vizuri. "Bado unatolewa kirahisi kwenye mpira wa kukatiza. Hilo litafundishika. Hilo lingine halifundishiki."

Kigingi hakuruka wala kupiga kelele. Aliuliza, "Kwa hiyo ni mimi? Si mchanga?"

"Hapa nyuma nimemwona nani mwingine?"

Ndipo akakaa chini kwenye majani yaliyolowa akacheka mpaka mbavu zikamuuma, na mama yake akamfuata palepale chini na nguo yake safi.

Fundi vioo alipewa jibu Jumatatu. Alisikitika, akamkatia kioo kidogo cha kwenda nacho, kingo zimesuguliwa vizuri zisimkate. Timu ya taifa wanakaa na kufanya mazoezi mbali, tena ukiwa kule unasafiri nchi za watu. Wiki ya kuondoka kwa Kigingi kaka aliinua pichi nzima kwa sepetu. Aliondoa mchanga toroli baada ya toroli, akaurundika nyuma ya vitalu, na wifi bila kupoteza muda akapandia mboga. Klabu ilinung'unika, wapigaji wetu waliozoea kutamba wakaanza kutolewa kama utani. Kaka aliwaambia watazoea au watajijua.

Jioni ya siku aliyoondoka Kigingi tulikaa watatu mezani. Kiti kimoja kilikuwa wazi na wote tulijifanya hatukioni. Nilikuwa na la kusema kuhusu Lara, nilikuwa nimelitayarisha kabisa ili nichangamshe watu, lakini nilipomtazama kaka nikalimeza. Alikuwa anazungusha kikombe. Hakukunja mikono.

"Mke wangu," akasema. "Huyo Hanif wako."

Wifi aliweka birika chini polepole. Tangu waoane mumewe hakuwahi kuulizia habari za Hanif.

"Amefanyaje?"

"Pale Barbados hapakuwa kwao, siyo?"

"Hapakuwa kwao."

"Pichi hakutengenezewa na mtu wake yeyote."

"Na nani? Alikuwa ugenini."

"Na alikaa."

"Zaidi ya saa kumi na sita, mume wangu. Hawakumshinda."

Kaka alitazama kile kiti, akajifuta macho kwa kiganja waziwazi, hakujificha. Kisha akasogeza kikombe chake kwa mkewe aongezewe chai.

"Hebu nihadithie," akasema. "Tangu mwanzo. Usiruke kitu."